Mume Wangu na Baba Mkwe wa Binti Yetu Wanafyonza Vumbi kwa Siri

Mshauri wangu mpendwa, naomba unisaidie kabla ndoa moja haijavunjika na harusi nyingine haijafutwa, na nakusihi usicheke, maana dada yangu nilimweleza jambo hili akacheka mpaka akakaa chini sakafuni, na mimi sikumweleza ili acheke.

Mimi ni mama mtu mzima, nafanya kazi maktaba, na mume wangu ni mwalimu wa udereva, mtu mpole, hanywi, hapigi kelele, hata mwanafunzi akimgongea gari kwenye nguzo yeye husema tu, "Sasa turudi nyuma taratibu," kwa hiyo usidhani nakuandikia kumsema mtu mbaya. Yalianza siku alipobisha hodi muuzaji mmoja aliyevaa tai, amekumbatia mashine ya kufyonza vumbi, na si zile za kawaida zenye mfuko, hii ina tangi chini unalijaza maji safi, ukiwasha inavuta vumbi na kulizamisha mle majini, halafu ukimaliza unamwaga. Muuzaji akaomba afyonze kipande kidogo tu cha zulia letu, zulia ambalo mimi mwenyewe nilikuwa nimelifagia asubuhi hiyohiyo, akafungua tangi akatuonyesha, na yale maji, mshauri wangu, yalikuwa kama chai ya rangi iliyosahauliwa jikoni wiki nzima. Mimi nilitafuta pa kuuficha uso. Mume wangu yeye aliinama, akayatazama, akayatazama tena, akauliza kwa sauti ya chini, "Haya yote tulikuwa tunayavuta puani?" Nilipoiona sura yake nikajua ile mashine haitoki tena ndani mwetu.

Mwanzoni nilifurahi, kwa nini niseme uongo, mwanaume anarudi kazini anavua viatu anaanza kufyonza vumbi bila kuombwa, wenzangu kazini waliponisikia walinionea wivu. Lakini baadaye nikagundua kwamba furaha yake haiko kwenye usafi, iko kwenye maji. Hawezi kuyamwaga mpaka kwanza ayaonyeshe kwa mtu. Niko jikoni ananiita, "Njoo uone," niko bafuni ananigongea mlango, "Ukitoka njoo uone," binti yetu anajiandaa kwenda kazini anasimamishwa mlangoni aangalie kilichotoka chini ya kitanda chake, na tusipostaajabu vya kutosha ananuna. Sasa kwa kufyonza kila siku nyumba yetu ikaisha vumbi, maji yakawa yanatoka meupe, na badala ya kushukuru mume wangu akanywea kama mtu aliyefiwa. Ndipo akaanza kutamani vumbi la watu wengine.

Alianza kwa kaka yangu, akaenda kwa jirani wa kushoto, akaenda kwa jirani wa kulia, akamaliza saluni iliyo chini ya ghorofa yetu, kila mahali anaomba kwa adabu, "Kipande kidogo tu," na kila mahali anaacha watu wanatazama tangi. Mashine anaisafirisha kwenye gari la kufundishia, kiti cha nyuma, ameifunga mkanda kama abiria, na majirani wakiliona gari hilo likikata kona wanafunga mapazia. Wamembandika jina, wanamwita Bwana Matope, na mimi ni Mama Matope, na hilo nililimeza.

Nisichoweza kumeza ni hili la wakwe. Binti yetu amechumbiwa na kijana mzuri, na wazazi wa kijana wakatualika kwao tupange mambo ya harusi. Mama wa kijana ni muuguzi, ndiye mkuu wa wodi hospitalini, na nyumba yake ni ile ambayo ukiingia unajikuta unaangalia soksi zako. Baba ni mstaafu wa posta, mtu wa maneno machache, anashinda nyumbani na redio yake. Kabla hatujatoka nilimwambia mume wangu mashine ibaki, akaapa kwamba inabaki, tukaenda, tukapokewa vizuri, tukala, tukafika mahali pazuri kabisa tunazungumzia ukumbi na idadi ya wageni, mume wangu akasema anakwenda garini kuchukua miwani. Miwani ilikuwa usoni kwake. Akarudi amekumbatia ile mashine.

Akamwambia yule mama kwa heshima zote, "Mama, kochi lako ni zuri sana, naomba nikuonyeshe kitu kidogo," na yule mama kwa ustaarabu wake akasema haya. Akajaza maji, akadondoshea yale manukato ya maua yanayouzwa pamoja na mashine, akawaomba wenyeji wainue miguu, akafyonza kochi walilokuwa wamekalia, akazima, akafungua tangi, na badala ya kwenda kumwaga akalizungusha mezani kama mtu anayewagawia watu supu, akaanzia kwa mwenye nyumba. Binti yetu alijifunika uso kwa leso. Yule mama akayatazama yale maji, na mimi niliyeketi karibu naye nikaona shingo yake inabadilika rangi, kisha akasema polepole, "Basi binti yenu asije akaishi kwenye matope haya." Mazungumzo yakaishia hapo. Tukasindikizwa mpaka mlangoni, hatukusindikizwa mpaka garini, na tangu siku hiyo tarehe ya harusi haijatajwa, na binti yetu hazungumzi na baba yake, akiwa na neno naye anamwambia paka huku baba anasikia.

Ungedhani mume wangu alijuta. Alijuta, lakini siku chache tu, kwa sababu baba wa kijana alimpigia simu. Mimi nilidhani uchumba unavunjwa rasmi, nikakaa pembeni kusikiliza, kumbe mzee wa watu alikuwa anaomba kwa kunong'ona kama mashine inaweza kupelekwa tena mkewe akiwa zamu, wafyonze godoro, kwa sababu tangu siku ile hapati usingizi, analala anaona kama godoro linapumua. Basi imekuwa mtindo wao. Mama akiondoka kwenda hospitalini, mzee anapiga simu, na mume wangu anakwenda, hata akiwa katikati ya somo, anamwambia mwanafunzi apinde kulia, apinde kushoto, aegeshe hapo nje, aendelee kujifunza kwenda mbele na kurudi nyuma peke yake wakati yeye yuko ndani na mkwe mwenzake wanainua magodoro. Na mwanafunzi wa saa hizo, kwa bahati yangu mbaya, ni binti mmoja mrembo hasa, kucha ndefu, miwani ya jua. Haya yote ninayajua kwa sababu mume wangu hawezi kunificha, anarudi uso unang'aa, ananiambia, "Ungeona la leo," na ninapomwambia aache anajibu kwamba anaunganisha familia.

Sasa sikiliza kilichotokea juzi. Niko kazini napanga kamusi kwenye rafu, nikamwona mama wa kijana anakuja na sare yake ya kazi, hajawahi kukanyaga pale, akasimama karibu yangu kabisa akaanza kunieleza kwa kunong'ona, maana ukutani pameandikwa kimya. Akasema siku hizi akirudi nyumbani anakuta nyumba inanukia maua, na yeye hatumii harufu hiyo. Anakuta mito ya kochi imepangwa kinyume na anavyoipanga yeye. Anakuta kitanda kimetandikwa pembe zimenyooka kuliko anavyowafundisha wauguzi wapya, na mume wake katika maisha yake hajawahi kutandika kitanda. Mzee anaimba peke yake. Anapokea simu bafuni, na siku moja yeye alisimama nje ya mlango akamsikia anasema, "Njoo akishatoka, leo tuanze na kitanda." Na jirani wa mbele amemwambia kwamba gari la shule ya udereva huwa linasimama pale nje, ndani yake kuna mwanamke mrembo aliyevaa miwani ya jua, anasogeza gari mbele, anarudisha nyuma, anasogeza mbele, kama mtu ambaye nafsi inamsuta. Halafu akanishika mkono, mshauri wangu, machozi yanamtoka, akasema, "Mwenzangu, gari lile ni la mumeo. Mumeo anamletea mume wangu mwanamke."

Kicheko kilikuwa kinanijia na kilio kinanijia kwa wakati mmoja, nikabaki nimeng'ang'ania kamusi. Nikamwambia pole. Nikamwambia nitachunguza. Akajifuta kwa leso yangu akasema anangoja Jumapili tu, mwanawe atakapokuja kuwatembelea, amweleze yote, kisha yeye afungashe nguo zake aende kwa dada yake, na familia yetu asiisikie tena.

Sasa nifanye nini? Nikimwambia ukweli atajua kwamba godoro lake, la yeye muuguzi mkuu, limefyonzwa mara kwa mara na mume wangu, na kwamba maji yake yametazamwa, na kwa ninavyomjua yule mama huenda mwanamke wa nje angemuuma kidogo kuliko hilo. Nikinyamaza ndoa ya watu inavunjika kwa ajili ya mwanamke asiyekuwepo, na ya mwanangu haianzi. Mume wangu nimemweleza, anasema nimpe siku chache amalizie chumba cha wageni. Au niibe mashine niitupe? Au niseme yule msichana ni mwanafunzi tu, niishie hapo? Nishauri, nimechanganyikiwa.

Ni mimi,
Mama niliyechoka kuonyeshwa maji

JIBU

Mama wa maktaba, nimecheka. Uliniomba nisicheke na nilijitahidi mpaka pale kwenye godoro linalopumua. Sasa nimefuta macho, tuongee.

Kwanza pole, na ninaisema kwa moyo. Kuishi na mtu anayekugongea mlango wa bafu ili uone vumbi si jambo dogo, na kuona harusi ya mwanao inazamishwa kwenye tangi ni jambo kubwa.

Pole imeisha. Mwanamke mwenzako amekuja mpaka kazini kwako, amelia mbele yako kwa sababu anaamini mumewe ana hawara, nawe jibu unalo mdomoni, ukamwambia utachunguza. Utachunguza nini? Kila saa unayokaa na ukweli huo, yule mama anapika bila kujua ametia chumvi mara ngapi, anachoma watu sindano akiwa na mawazo, anamtazama mumewe akilala na kujiuliza amekosea wapi. Unaogopa ataaibika kwa vumbi. Mama, hivi sasa anaaibika kwa kitu kibaya zaidi, na hakipo.

Halafu sikiliza, kwa sababu naona hata wewe hujalielewa. Maji meusi hayana maana kwamba mwenye nyumba ni mchafu. Yana maana kwamba nyumba ina kochi na watu wanalikalia. Palipo na watu pana nyuzi za nguo, pana unga wa ngozi zao, pana vumbi linaloingia dirishani, na hata ungefagia mpaka ufagio uishe, ukipitisha mashine ile maji yatabadilika rangi. Kwa zulia lako ulilolifagia asubuhi hukuambiwa hivyo, ukauficha uso. Yule mama hakuambiwa hivyo, akaambiwa inua miguu. Mumeo hakukosea kufyonza. Alikosea kulizungusha tangi mezani mbele ya wakwe, na akaanzia kwa mwenye nyumba. Mtu hafunguliwi kapu la nguo chafu mbele ya wageni halafu akaombwa astaajabu.

Na huyo mzee wa posta naye asijifiche nyuma ya upole wake. Mtu mzima anayetaka godoro safi anamwambia mkewe, "Mke wangu, nimelipenda lile jambo la mashine." Hajifungii bafuni kunong'ona na mwalimu wa udereva. Wote wawili wamemdanganya mwanamke mmoja, na kwamba wamemdanganya kwa usafi hakuwapunguzii chochote.

Sasa fanya hivi, na ufanye leo. Jibu hili nakutumia nyumbani kabla halijachapwa, maana Jumapili yako haitasubiri gazeti langu. Usipige simu. Usimtume mumeo, huyo akifika pale ataomba kipande kidogo tu. Nenda wewe mwenyewe umngojee mama kwenye lango la hospitali zamu yake ikiisha, na sentensi ya kwanza itakayotoka kinywani mwako iwe hii: hakuna mwanamke, ni mume wangu na mashine yake. Itoe kabla ya habari za kazi. Ukianza na maelezo atadhani unamtetea mumeo, na ukimtaja yule msichana kwanza umejimaliza. Kisha mwache akasirike. Usicheke mpaka yeye acheke, na asipocheka usicheke.

Akishatulia mwalike kwako, yeye na mumewe, pamoja na vijana. Mpe mkononi mpira wa mashine, ule wa kufyonzea. Afyonze chochote atakachochagua katika nyumba yenu, bila kipingamizi, na maji yatakayotoka ayazungushe yeye mezani na aanzie kwa mumeo. Mumeo akae, aangalie, kisha aombe radhi. Asiombe radhi kwa vumbi, vumbi halina kosa. Aombe radhi kwa kumwonyesha.

Kuanzia siku hiyo nyumbani kwako iwe hivi: anayefyonza ndiye anayemwaga, anamwaga mwenyewe, chooni, mlango umefungwa, hamwiti mtu. Akishindwa kumwaga bila watazamaji, mashine ihame. Na yule mwanafunzi afundishwe kuendesha barabarani. Amejifunza kwenda mbele na kurudi nyuma vya kutosha.

Nenda sasa. Vaa viatu.

Shangazi yako wa ukurasa huu

Wasomaji wangu, tulipokuwa tunapanga ukurasa huu mama huyu aliandika tena. Nimekata kidogo tu, sehemu aliyokuwa ananishukuru.

Mshauri wangu, nilikwenda. Nilimngojea langoni na alipotokea nikaisema ile sentensi kwa kasi kiasi kwamba ilibidi niirudie. Akauliza, "Mashine ile ile?" Nikasema ile ile. Akauliza yule msichana wa miwani ni nani, nikamwambia ni mwanafunzi, anajifunza kuegesha, na mpaka leo hajui kwa nini somo lake lote ni la kuegesha. Tukakaa kwenye benchi la wagonjwa. Nilimweleza kila kitu, simu za bafuni, manukato, godoro, na kila nilichotaja alikuwa anafunga macho. Kilichomuuma kuliko vyote, hutaamini, ni zile pembe za shuka. Aliniuliza nani anazikunja vile. Nikasema mume wangu. Akasema, "Ni nzuri," kwa uchungu, na hapo ndipo alipoanza kucheka, akacheka huku analia, na mimi nikasubiri kidogo kama ulivyoagiza kisha nikacheka naye, mpaka mlinzi akatuuliza kama tumepewa namba.

Mume wake alimwona akiingia nyumbani na kabla hajaulizwa akasema yote mwenyewe. Yule mama aliniambia alimwacha mzee asimame muda mrefu kabla ya kumruhusu akae.

Jumapili wakaja wote, na vijana. Mume wangu alikuwa amefyonza nyumba nzima tangu alfajiri kwa woga, nami sikumzuia. Yule mama alikataa kuketi. Akashika mpira wa mashine, akapita chumba hadi chumba kama anayekagua wodi, nasi nyuma yake, akaangalia zulia akaliacha, akaangalia godoro letu akaliacha, akarudi sebuleni akanyoosha kidole kwenye kiti cha mume wangu, kile anachokalia yeye peke yake akisoma gazeti. Mume wangu akasema kile hakina haja. Mama akawasha.

Vilitoka vitu, mshauri wangu. Ganda la karanga, tiketi ya maegesho, kipande cha biskuti ambazo dukani hawaziuzi tena, na maji yalikuwa meusi hayaonyeshi chini. Alilibeba tangi kwa mikono miwili akaliweka mbele ya mume wangu, akasimama. Mume wangu aliyatazama muda mrefu kama alivyoyatazama yale ya kwanza, lakini safari hii masikio yalimwiva, na nikaona kwamba amejua jinsi inavyokuwa. Akainuka akamwambia, "Mama, nilikukosea heshima nyumbani kwako, mbele ya mume wako na mwanao. Nisamehe."

Binti yetu alikuwa anamwangalia baba yake. Akamwita, "Baba," kisha akamwambia akae.

Mume wangu akanyoosha mkono kulichukua tangi akamwage. Yule mama akalivuta kwake. Akalibeba mwenyewe mpaka chooni, akafunga mlango, tukasikia maji yanakwenda, tukasikia bomba. Akarudi anakausha mikono, akaketi kwenye kile kiti cha mume wangu, akavuta meza karibu.

"Haya," akasema, "tupange tarehe."

Kalenda aliileta mume wangu.